Vikapu vya Mkono wa Kushoto

Mbebe, Ileje
Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Atupele,

Nakusalimu wewe, shemeji Emanueli na wale pacha ambao najua wameshanisahau sura. Sisi huku tupo. Mvua haijatuachia tangu Krismasi; mahindi ya juu yamesimama, ya bondeni yamelala. Mama mkwe anakusalimu sana. Miguu yake haijarudi, huu ni mwaka wa nne tunamgeuza kitandani, lakini mdomo unatembea kuliko sisi wote. Jana kaniambia nimemgeuza vibaya, niiombe radhi nyonga yake. Nikaiomba.

Mika, yule anayebeba mizigo kuja huko, atakukabidhi vikapu kumi na vinne. Mianzi ilikuwa mizuri safari hii, nimeichana nyembamba, ukikigonga kikapu kwa kucha kinaitika. Barua nimeiweka ndani ya kile kidogo, chini kabisa. Usinicheke kwamba naandika barua zama hizi. Simu yangu ilitumbukia kisimani mwaka juzi, na ya hapa nyumbani anakaa nayo shemeji Efraimu. Mtu akinipigia anaweka sauti kubwa, mji mzima unakaa kusikiliza kama taarifa ya habari.

Sasa nisikilize. Tangu mume wangu Osea afariki, ni miaka minne namuuguza mama yake, na kwa hilo silalamiki, mama huyu ananipenda. Tatizo ni Efraimu. Mwanawe anataka kuoa na nyumba aliyojenga Osea anaiona ni kubwa kwa mjane asiye na mtoto. Amesema mbele ya mchungaji kwamba ukoo utakaa Agosti, kahawa ikishavunwa. Nikileta barua ya kazi, yenye jina langu na muhuri, wataniachia niende, na mke wa Efraimu na dada zake watapokezana kumuuguza mama. Nisipoleta, nitaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba nahamia chumba cha jikoni na sitoki hapa hadi mama atakapopumzika.

Nina miaka arobaini na mitatu, Atupele. Nitafutie kazi huko, hata ya kufagia. Ila iwe na muhuri. Efraimu haamini kitu kisicho na muhuri. Nadhani hata Mungu anamwamini kwa sababu ya cheti cha kipaimara.

Dada yako,
Tabita


Tunduma
3 Machi 2024

Dada Tabita,

Shikamoo. Pacha hawajakusahau, wanakuita mama wa vikapu. Emanueli yupo, kazi zimepungua kidogo kwenye ile ofisi ya kutoa mizigo forodhani, siku hizi kila kitu ni kompyuta. Malori ni yale yale, foleni imefika karibu na Mpemba, vumbi tunakula na ugali. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie namwomba Mungu amrudishie miguu.

Vikapu vimekwenda vyote! Siuzi tena pale stendi. Kuna soko la kazi za mikono, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye uwanja wa hoteli moja barabara ya Sumbawanga. Ungeona, dada. Mahema meupe, meza zimetandikwa vitambaa, mmoja ana batiki, mwingine picha za kuchora, mwingine shanga, na muziki wa taratibu. Anayesimamia ni dada mmoja anaitwa Jenista, mkali lakini ana roho nzuri. Meza anawapa wanaotengeneza kwa mikono yao wenyewe tu, wachuuzi hawataki hata kuwaona. Wamama wa Nakonde, upande wa Zambia, walinizunguka mpaka nikakosa pa kukanyaga. Mmoja alikishika kile cha mistari myeusi, akakinusa, akasema "natotela, mayo," yaani asante mama, akaondoka nacho kichwani bila kungoja mfuko. Walinipiga na picha.

Hela yako imo ndani ya bahasha, nimeifunga na kitenge, huyo Mika asijue.

Kuhusu kazi, dada, nimeuliza sehemu mbili tatu. Huku ni kugumu, watu wanasoma mpaka chuo wanaishia kuendesha bodaboda. Vumilia kidogo. Agosti bado iko mbali.

Tuma vingine, vya mistari zaidi. Halafu hebu niandikie, kile kitako cha kikapu unakianzaje? Kwa kujua tu.

Mdogo wako,
Atupele


Mbebe
7 Aprili 2024

Atupele mpenzi,

Marahaba. Hela nimeipata. Nimemnunulia mama shuka na mafuta ya kujipaka, amejiona bibi harusi. Mahema meupe nimemsimulia yote. Aliuliza kama na vyoo vyao ni vya mahema.

Nimecheka ulivyoniuliza kitako. Wewe! Wewe uliyekuwa unatoroka kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa, ili usishike mwanzi! Haya, kwa kujua tu. Unapanga fito nane, nne juu ya nne, unazikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, halafu ufito wa tisa, ule mwembamba, unazungusha. Watu wote wanazungusha kuelekea kulia. Mimi nazungusha kushoto. Unakumbuka marehemu mama alivyonifunga mkono huu kwa kanga, wiki nzima, ili nisuke kama watu? Nikasuka kwa meno. Akanifungua akasema basi, Mungu kaniumba nyuma mbele. Tangu hapo, ukiweka vikapu mia sokoni Itumba, mtu wa milima hii atachomoa changu bila kuuliza. Macho yake yanateleza kushoto, hawezi kukosea.

Je, hao wateja wako huwa wanauliza aliyesuka ni nani? Nauliza kwa sababu hujawahi kuniambia. Siku nikishika mwanzi mkononi huwa nawaza labda huyo mama wa Nakonde anajua kwamba nipo.

Wiki iliyopita Efraimu alikuja na fundi wakapima madirisha ya nyumba yangu. Nilikuwa ndani. Walinipitishia futi mbele ya uso, wakasema samahani.

Usisahau muhuri.

Tabita


Tunduma
26 Mei 2024

Dada,

Shikamoo, na unisamehe, najua nimechelewa. Pacha waliugua malaria kwa kupokezana, huyu akiinuka yule analala. Sasa wanacheza. Na Emanueli kazi imekwisha kabisa, tangu Pasaka. Anakaa kibarazani anahesabu malori, nikimwongelesha anasema ngoja kwanza. Kwa hiyo ninayeleta chakula hapa ni mimi, na kinacholeta chakula ni vikapu vyako. Nataka ulijue hilo.

Vikapu vya Aprili vimekwisha, vya Mei vimebaki viwili. Jenista anavisifia mpaka naona aibu. Amesema Julai kila mwenye meza akae mbele ya watu aonyeshe kazi inavyofanyika, ili wateja waone. Kwa hiyo naomba, kwenye furushi lijalo, unitumie vikapu viwili ambavyo hujavimaliza. Viwe vimefika nusu, uvifunge kwenye gunia bichi visikauke. Wateja wanapenda kuona.

Uliuliza kama wanamuuliza aliyesuka. Wanauliza mambo mengi, dada, kelele ni nyingi.

Umesema unafikiria kuja mwenyewe mwezi wa sita umwone Jenista uso kwa uso. Mika ndiye aliyenipa huo ujumbe wako. Mimi naona usije. Mwezi wa sita baridi, na mama utamwachia nani? Na nyumba yetu imejaa. Subiri kwanza. Nikipata kitu nitakuandikia.

Wako,
Atupele


Mbebe
16 Juni 2024

Atupele,

Hatujambo. Mama anakohoa. Kahawa imeiva yote kwa mara moja, tunachuma mpaka kucha zinakuwa nyekundu.

Mwalimu Rubeni wa shule yetu alikuwa Tunduma siku mbili, likizo imeanza. Amerudi na kikapu amemnunulia mkewe. Alikuja kunionyesha, akifurahi, akasema tazama Tabita, hata mjini wanasuka kama wewe. Nilikigeuza. Ni kile nilichokisuka siku ya Ijumaa Kuu, pana mahali ufito ulinikata na damu kidogo imekauka ndani. Kwenye mpini kimefungwa kikaratasi kizuri cha mashine. Nimekisoma.

Mwalimu amesema pia kwamba pale sokoni wanatafuta msukaji wa kufundisha wasichana, darasa linaanza Septemba, mshahara upo na chumba cha kulala kipo. Tangazo limebandikwa langoni. Nikamwambia hapana mwalimu, umesoma vibaya. Lingekuwepo, mdogo wangu angeniambia.

Vikapu viwili vya nusu hivyo hapo, kwenye gunia bichi. Vya kumaliza sijatuma.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi, tarehe kumi Agosti.

Tabita


Tunduma
8 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na salamu zenyewe naona zinanitazama.

Tangazo lipo. Lipo tangu Machi. Na kikaratasi kimeandikwa jina langu, na wewe umekisoma, na mimi nimekaa na barua yako wiki tatu bila kuijibu.

Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba meza, fomu ilikuwa na mstari unasema jina la msanii. Jenista alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, nyuma yangu foleni. Ningeandika la kwako angeniambia basi aje mwenyewe. Nikaandika langu. Nilidhani ni karatasi tu. Mwezi uliofuata wakachapisha vile vikaratasi, wakabandika picha yangu ukutani nimeshika kikapu, na watu wakaanza kuniita fundi. Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi wa kitu chochote. Nyumbani fundi ulikuwa wewe. Mama alikuwa anapokea wageni anaonyesha vikapu vyako, mimi naonyeshwa ndoo. Niliona wivu tangu nina miaka saba na sikujua kama bado ninao, mpaka nilipoona jina langu pale na likanipendeza.

Juzi Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha. Nilikaa kwenye mkeka na kikapu chako cha nusu, watu wamenizunguka. Nilikuwa nimejifunza jikoni kwa siri, nikafuata ulivyoniandikia. Lakini mkono wangu unakwenda kulia, dada. Kila ufito niliopitisha ulikwenda kinyume na wa kwako, na ukuta wa kikapu ukaanza kuachia, mianya inaonekana, mpaka mtoto mmoja akapitisha kidole. Mbele kabisa palikuwa na mama mmoja mzee kutoka Ikinga, milimani huko kwenu, amekuja kumsalimia mwanawe Ombeni. Akainama. Akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona unafumua kazi yako mwenyewe? Kikapu hiki ni cha mtu wa kushoto."

Nikasema mkono wangu wa kushoto una kidonda. Nikaufunga na leso pale pale. Jenista mwenyewe alinisaidia kukaza fundo, akawaambia watu wanipigie makofi, nimeonyesha kazi nikiwa mgonjwa. Wakapiga. Yule mama wa Ikinga hakupiga.

Jioni yake Jenista akanipa bahasha. Nafasi ya kufundisha amenipa mimi. Barua ina jina langu, na ina muhuri.

Nimefikiri hivi. Njoo ukae kwangu. Nitasema ni dada yangu anayenisaidia. Wewe utafundisha, mimi nitasimama pembeni, mshahara tutagawana sawa kwa sawa. Nitakusomesha hata kompyuta. Tafadhali usikatae kabla hujafikiri.

Atupele


Mbebe
21 Julai 2024

Atupele,

Nimefikiri. Nimefikiri nikichuma kahawa, nimefikiri nikimwosha mama, nimefikiri kanisani, sikusikia neno la mahubiri.

Nimekasirika. Naandika hivyo ili usije ukasema kelele zilikuwa nyingi. Tangu Machi ulikuwa unaniambia nivumilie, na kitu nilichokuwa navumilia kukikosa kilikuwa kimebandikwa langoni, wewe unapita mbele yake kila mwezi na vikapu vyangu kichwani. Hukunisahau. Ungenisahau ningekuelewa, una watoto wagonjwa na mume kibarazani. Ulinikumbuka vizuri, ukaniandikia nisije.

Kuhusu kukaa kwako kama dada msaidizi: Efraimu ataniuliza barua iko wapi. Nitamwonyesha nini, yako? Nitasema nakwenda mjini kusuka nyuma ya pazia? Ukoo hauniachii kwenda kumtembelea ndugu. Wameniambia barua ya kazi, jina langu, muhuri. Na hata wangeniachia, nitoke chumba cha jikoni cha Mbebe nikaingie chumba cha uani cha Tunduma, nijifiche wageni wakija? Kujificha huku huku ninaweza, na hewa ni nzuri zaidi.

Sitaki uaibishwe. Wewe ni mtoto wa mama yangu. Kitu kimoja tu nakuomba, ukifanye kwa namna yoyote unayoona itakuumiza kidogo. Nenda kwa huyo Jenista. Mwambie aliyesuka ni Tabita wa Mbebe. Nipate barua kabla ya tarehe kumi.

Mama ameniuliza kwa nini sisuki. Nimemwambia mikono imechoka. Ameichukua mmoja mmoja akaitazama kwa mwanga wa dirisha, akasema haijachoka, imenuna.

Tabita


Tunduma
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima.

Jana soko lilikuwepo. Meza yangu ilikuwa tupu, nimeweka vile viwili vya nusu na kitambaa. Nikasema vikapu vimechelewa njiani. Nilipanga nikimaliza tu kufunga meza nimwendee Jenista. Nikafika mpaka mlangoni pa chumba anachofanyia hesabu zake. Ndani walikuwepo wasichana wawili wa hilo darasa, wamekuja na mama zao kunitazama. Mmoja akapiga goti akaniita mwalimu. Nikawauliza majina yao. Nikaondoka.

Sijui kwa nini nakuandikia hili. Nilitaka ujue kwamba nilifika mlangoni.

Emanueli sasa anajua. Alisema ukisema utanyang'anywa meza, na usiposema utafika Septemba ukae mbele ya wasichana ishirini na mkono uliofungwa leso. Akasema anaona bora Septemba, maana bado iko mbali. Tumekuwa nyumba ya watu wa kusema bado iko mbali.

Kesho Jumatatu nitakwenda. Naapa kwa watoto.

Atupele


Tunduma
13 Agosti 2024

Dada Tabita,

Nimesema.

Jumatatu ile nilikwenda kweli, nikakuta Jenista ameshaondoka kwenda Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane, hatarudi mpaka wiki nyingine. Namba yake ninayo. Nilibonyeza jina lake mara nne, nikakata kabla haijaita. Ningeweza pia kumpigia shemeji Efraimu akuite, lakini ningesema nini kwa sauti kubwa mbele ya mji mzima? Ndivyo siku zilivyokwenda. Jumamosi tarehe kumi nilikaa na saa. Saa nne nikajua mmekaa. Saa saba nikajua mmekula.

Jana amerudi. Nilimkuta anashusha mabanda kwenye gari, nikamwambia hapo hapo, kabla hajanikaribisha. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Na kile kidonda?" Nikafungua kiganja nikamwonyesha. Akakitazama muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akaichana barua yangu, akachapa nyingine. Picha yangu ukutani ameibandua mwenyewe na meza nimenyang'anywa, nisionekane pale mpaka mwakani. Ilikuwa haki yake. Mwanamke mmoja wa batiki aliniuliza kama nimefiwa.

Barua yako hiyo hapo. Tabita, jina lako lote, na la baba. Muhuri ni wa bluu, upo chini kulia. Chumba ni chako, kina dirisha, nimeingia nikakiona. Kuanza ni tarehe mbili Septemba.

Labda kikao kiliahirishwa. Vikao huwa vinaahirishwa. Nimemwambia Mika asilale Itumba, akuletee moja kwa moja mpaka mlangoni. Mwambie Efraimu kwamba kosa la kuchelewa ni langu, nitakuja kupiga magoti mbele ya ukoo wote kama itasaidia.

Niambie tu imefika kwa wakati.

Atupele


Mbebe
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwa Emanueli na pacha. Mahindi tumeshapukuchua. Baridi imeanza kupungua.

Barua imefika. Mika alikuja nayo mpaka jikoni, akasimama nikiifungua kama mtu anayesubiri jibu la daktari. Ni nzuri sana. Sijawahi kuona jina langu limeandikwa na mashine, limekaa katikati ya mstari wala halikuinama.

Kikao hakikuahirishwa. Walikaa saa nne kama ulivyosema, na walikula saa saba. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama nina barua. Mara ya pili niliangalia njia, nikaona vumbi la gari, nikamwambia asubiri kidogo. Lilikuwa gari la kahawa. Nikaweka dole gumba. Kitanda changu kiko chumba cha jikoni, karibu na cha mama, na mtoto wa Efraimu ameshaweka milango mipya kule.

Niliipeleka barua kwa Efraimu hata hivyo. Aliusugua muhuri kwa kidole kilicholowa, akaona hautoki, akasema ni barua halali. Akasema pia kwamba karatasi ya ukoo ni halali, na hiyo ilitangulia. Hakusema kwa ubaya. Aliniambia, kwa siku zilizobaki za mama, tuvumiliane.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niandike leo.

Nilikuwa sijamwambia mama chochote. Lakini kuta za jikoni ni za mabanzi, alisikia yote niliyomsomea Mika. Jioni ile nikampelekea uji, akafumba mdomo. Nikadhani ni jino linamuuma. Asubuhi akafumba tena. Siku ya pili nikaita muuguzi wa zahanati, akasema hana homa, kifua kimepona, hana kitu. Siku ya tatu nilikaa naye nikamwambia, mama, nimekukosea nini? Akanishika mkono, huu wa kazi. Akasema, "Hujanikosea, mwanangu. Wamekufunga na pumzi yangu. Nimehesabu mpaka tarehe mbili, nadhani nikijitahidi nitawahi."

Atupele, nililia mpaka nikaona haya. Nilimsihi. Nilimwimbia. Nilimwambia Tunduma kuna vumbi na siitaki. Akaniambia nisimdanganye, mahema meupe nilimsimulia mwenyewe na macho yangu aliyaona. Midomo ilishaanza kupasuka. Nilikuwa na kijiko mkononi na barua yako kifuani, na nilijua kwamba nikinyamaza tu, nisifanye ubaya wowote, nikikaa tu kimya siku nne au tano, nitakwenda. Sikukaa kimya. Lakini nilifikiri, nakuambia wewe kwa sababu wewe peke yako huwezi kunihukumu.

Ndipo nikatoa barua nikamwonyesha. Yeye hajui kusoma. Nikamwambia, mama, hii ni nyingine, imefika leo kutoka kwa mdogo wangu, anasema nafasi imekwisha. Wamechelewa kunipata, wamempa msichana mwingine wa huko huko, ameshaanza. Akaniuliza ni kweli? Nikasema hata muhuri huu hapa. Akaupapasa. Akafungua mdomo. Alikula vijiko sita, na leo amekula kumi na kimoja na kulalamika kwamba sukari ni kidogo.

Kwa hiyo nenda kwa Jenista umwambie Tabita anashukuru, na kwamba nafasi ampe mtu mwingine, siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Usimwombe anisubiri. Mama ni mjanja, atamtuma mtu kuuliza, na nataka akiuliza aambiwe kweli.

Dada yako,
Tabita